UZI: Chama cha wasambazaji wa dawa kinamfaa nini mwenye ghala la kawaida?

Mwenye Ghala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Swali hili hunifikia kwenye ujumbe wa pembeni kila mara: "Nimepata leseni ya kuuza dawa kwa jumla, nimeshauriwa nijiunge na chama cha wasambazaji, ada yenyewe si ya mchezo, nitaambulia nini?" Nimeamua kulijibu hapa hadharani na kwa urefu, maana jibu la mstari mmoja, "jiunge tu utapata watu", halimsaidii mtu anayepanga bajeti ya mwaka.

Mimi nina ghala la ukubwa wa kati, wafanyakazi 23, magari 4, mawili kati yake ya baridi. Huu ni mwaka wa 12 niko kwenye kazi hii. Miaka 4 ya kwanza nilikaa nje ya chama kwa kutaka mwenyewe, nikiamini ni kikundi cha watu wa kupeana kadi na kupiga picha. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona nikiwa nje na nikiwa ndani.

Nianze na lililoniuma. Katika ule mwaka wa 4 mamlaka ya udhibiti ilitangaza kuwa dawa za cheti zitaanza kuja na namba ya utambulisho kwenye kila pakiti, na sisi tulio katikati ya kiwanda na duka tutatakiwa kuzisoma na kuzihakiki. Nilisoma tangazo, nikaelewa nilivyoelewa, nikaagiza skana 14. Nikapata na punguzo. Mzigo wa kwanza wenye alama mpya ulipoingia, vijana wakaelekeza skana kwenye pakiti, kimya. Hakuna hata moja iliyosoma. Nilikuwa nimenunua skana za msimbo wa mistari, ule wa siku zote, wakati pakiti zimekuja na msimbo wa mraba wa vidoti. Ule wa mistari kwa kawaida hubeba namba ya bidhaa tu. Wa mraba hubeba vinne kwa pamoja: namba ya bidhaa, namba ya pekee ya pakiti ile, namba ya toleo (yaani ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja), na tarehe ya kuisha muda. Wiki 6 tulifanya kazi kwa mkono, mmoja anasoma, mwingine anaandika, wa tatu anahakiki. Namba zenyewe ni herufi na tarakimu zilizochanganyika, mtu akishachoka O inageuka sifuri. Hospitali 2 ziliturudishia mizigo.

Baadaye nikakutana na mama mmoja mwenye ghala la ukubwa kama langu, mshindani wangu wa karibu. Nikamuuliza yeye alivukaje. Akaniambia chama kilikaa na mamlaka miezi 8 kabla, wakaletwa mafundi wa mifumo, wanachama wakapewa karatasi inayoeleza skana ya kununua iwe na sifa zipi. Hakuwa amenificha lolote. Mimi ndiye sikuwepo kwenye chumba.

Udongo uwahi ungali maji. Hiyo ndiyo faida ya chama kwa jinsi ninavyoiona, na nyingine zote naziweka nyuma yake. Kinakufanya ulijue jambo likiwa bado linajadiliwa, na kama una la kusema, uliseme wakati bado linaweza kufinyangwa.

Tazameni ilivyokwenda kwa wenzetu. Marekani sheria ya kufuatilia dawa kutoka kiwandani hadi dukani ilisainiwa tarehe 27 Novemba 2013, ikapewa miaka 10 itekelezwe kwa hatua. Miaka 10 ilipotimia mifumo ya wengi haikuwa tayari, ikaongezwa nafasi, na mwisho wasambazaji wa jumla wakapewa hadi tarehe 27 Agosti 2025. Nafasi hizo zilipatikana kwa sababu watu wa sekta, kupitia vyama vyao, waliipelekea mamlaka maelezo ya kina: data gani hazisomani, wapi mzigo halali utakwama, mgonjwa atakosa dawa gani. Mwenye ghala mmoja akiandika barua ya namna hiyo ataonekana analalamika. Chama kikiandika, kikaambatanisha matokeo ya majaribio ya wanachama wake, hiyo ni taarifa.

Ulaya walikwenda mbali zaidi. Maelekezo yao dhidi ya dawa bandia ni ya 2011, na alama za usalama kwenye pakiti zikaanza kutumika tarehe 9 Februari 2019. Chombo kinachosimamia mfumo wa kuhakiki, European Medicines Verification Organisation, kiliundwa na vyama vyenyewe: vya viwanda, cha maduka ya dawa, na cha wasambazaji wa jumla, kinachoitwa GIRP. Yaani wasambazaji walikaa mezani mfumo ukichorwa. Walisema mapema kwamba mtu anayepokea maelfu ya pakiti kwa saa hawezi kufungua kila katoni na kusoma kila pakiti moja moja, na kanuni ikaishia kumtaka msambazaji ahakiki pale penye hatari, kwa mfano dawa iliyorudishwa au iliyonunuliwa kwa mtu ambaye si kiwanda wala msambazaji aliyeteuliwa nacho. Kwa anayeendesha ghala, tofauti ya hapo ni kati ya kazi inayowezekana na isiyowezekana.

Nitaendelea jioni na suala la kuondoa dawa sokoni. Hilo nalitaka liwe na nafasi yake.

---

Mfamasia wa Zamu

Asante mkuu. Mimi ni mfamasia msimamizi kwenye ghala, si mwenye mali. Hapo kwenye skana umenigusa, nasi tuliponea chupuchupu.

Swali langu: matangazo ya kuondoa dawa sokoni si kazi ya mamlaka? Kwa nini nilipie chama kwa kitu ambacho mamlaka hutoa bure?

---

Mwenye Ghala

Dada, swali zuri, na ndiyo sehemu niliyoahidi.

Mamlaka hutangaza. Kutangaza na kufika ni vitu viwili. Ngoja nikupe kisa cha zamani ambacho kila aliye kwenye kazi hii angepaswa kukijua. Mwaka 1937 Marekani kampuni moja ilitengeneza dawa ya maji ya sulfanilamide, ikaiyeyusha kwa diethylene glycol, ambayo ni sumu. Haikuwa imeijaribu usalama wake, na sheria ya wakati huo haikuilazimisha. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Ilipogundulika, kampuni ikatuma simu za maandishi kwa mawakala, wafamasia na madaktari zaidi ya 1,000 kuwaambia warudishe dawa. Lakini ujumbe ule haukusema kwamba dawa inaua. Ulisema rudisha, basi. Mtu akipokea hivyo anadhani ni suala la lebo, ataishughulikia wiki ijayo. Mamlaka ikabidi iilazimishe kampuni itume ujumbe wa pili unaosema wazi kuwa maisha ya watu yako hatarini. Kisha karibu wakaguzi wote wa nchi nzima, zaidi ya 200, wakaingia barabarani na daftari za mauzo mkononi, duka kwa duka, hadi kwa mgonjwa mmoja mmoja. Palipokuwa na kumbukumbu nzuri chupa zilipatikana upesi. Palipokosekana jina au anuani ya mgonjwa, walizunguka kuulizia. Mwaka uliofuata, 1938, ndipo ikapitishwa sheria ya kutaka usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa.

Nakumbuka kisa hicho kila ninaposoma tangazo lililoandikwa vibaya. Na yapo mengi. Unapokea barua ya kurasa 3, ukurasa wa kwanza wote ni salamu na sifa za kiwanda, namba ya toleo iko katikati ya ukurasa wa pili. Ni Ijumaa saa 10 jioni. Nani ataifikia?

Chama chetu kilikaa na viwanda tukakubaliana umbo moja la tangazo. Mstari wa kwanza: simamisha kuuza. Wa pili: jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo. Wa tatu: dawa irudishwe kutoka wapi, ghalani tu, au hadi madukani na hospitalini, au hadi mkononi mwa mgonjwa. Sababu na maelezo mengine baadaye. Halafu kuna orodha ya watu wa kupigiwa simu, kila ghala limetoa majina 2 na namba zinazopatikana usiku. Tangazo likitoka, sekretarieti inapiga, na asiyepokea anapigiwa wa pili. Mara 2 kwa mwaka tunafanya zoezi la kujaribu: tunapewa toleo la kubuni, tunaonyesha kwa saa ngapi tunaweza kusema kila katoni ilikwenda kwa nani. Mara yangu ya kwanza ilinichukua siku 2 kwa sababu ankara za mwezi mmoja zilikuwa kwenye boksi juu ya kabati. Sasa ni chini ya saa 3.

Kuna na upande wa pili, ambao watu huusahau. Habari hupanda pia kutoka chini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia. Mara nyingi wa kwanza kuona dalili ni kijana wa kupokea mzigo: rangi ya boksi imefifia, herufi zimekaa vibaya, muhuri umebandikwa upya, tarehe ya kwenye katoni haifanani na ya kwenye chupa. Yeye akimwambia bosi wake, na bosi akaishia kurudisha mzigo kimyakimya, muuzaji yule anahamia ghala la jirani. Kupitia chama taarifa inafika mamlaka ikiwa na picha na namba ya toleo, na mamlaka ikishathibitisha, maghala yote yanajua siku hiyohiyo.

Hata kwenye masoko yenye ulinzi mkali hupenya. Februari 2012 mamlaka ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu Avastin bandia, dawa ya saratani ya kuchomwa kwa sindano. Vichupa vilikuwa havina kiambato cha dawa kabisa. Viliingia kwa njia ya wauzaji wa nje wasioidhinishwa kuuza huko, vikapita mkono kwa mkono hadi kliniki. Mgonjwa wa saratani anaingiziwa maji yasiyo na dawa, na kila aliyevishika vile vichupa njiani alikuwa na ankara. Mimi hilo linaninyima usingizi kuliko ukaguzi wowote.

---

Msomaji Makini

Naheshimu uzoefu wako mkuu, ila mie naona upande mwingine. Vyama vya wafanyabiashara mara nyingi ni vya wakubwa. Wakubwa 3 wanaamua, wadogo 40 wanalipa ada na kupiga makofi. La pili, nimeshaona mahali ambapo "kikao cha chama" ni jina tu la kikao cha kupanga bei. Dawa ikipanda, anayeumia ni mgonjwa. Unasemaje?

---

Mwenye Ghala

Ndugu, nakushukuru kwa kusema. Nitajibu la pili kwanza, maana ndilo zito.

Kupanga bei ni kosa, na jina la chama halilifuti. Marekani sheria ya Sherman ya 1890 ndiyo inayokataza mapatano ya namna hiyo. Kwenye mkataba wa Umoja wa Ulaya, ibara ya 101 haikuishia kwenye makampuni, imetaja waziwazi na maamuzi ya vyama vyao. Nchi nyingi zina sheria ya ushindani yenye sura hiyohiyo. Chama makini kinalijua hili na utakiona kwa vitendo: ajenda hutumwa kabla, mwanasheria hukaa kikaoni, na kikao hufunguliwa kwa kukumbushana yasiyozungumzwa. Bei ya kuuzia, asilimia ya faida, punguzo analopewa mteja fulani, nani achukue wateja wa wapi, nani asiuziwe, nani atajaza zabuni gani na kwa kiasi gani. Hayo hayasemwi kikaoni, wala korido, wala kwenye chakula cha usiku baada ya kikao.

Nasema chakula cha usiku kwa sababu lilinikuta huko. Tulikuwa watu 6 mezani, mmoja akaanza: "Hizi hospitali zinatuchezea kwenye punguzo, kwa nini tusikubaliane kiwango?" Nilihisi moyo unaenda mbio. Mwanasheria wetu alishatufundisha la kufanya, nikalifanya: nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba siwezi kuwepo kwenye mazungumzo hayo, nikainuka, nikaondoka, na usiku uleule nikamwandikia katibu kueleza kilichosemwa na saa niliyotoka. Kunyamaza na kuendelea kula kusingenisaidia. Ukikaa unahesabiwa kuwa umekubali. Yule bwana alikasirika, na mpaka leo hatusalimiani vizuri. Sijuti.

Kwa hiyo ukikuta chama ambacho ndicho kikao cha bei chenyewe, usijiunge, na kama umo, toka na utoke kwa maandishi.

Sasa la wakubwa. Ni kweli wana sauti nene. Wana watu wa kukaa kwenye kila kamati, sisi wengine mkurugenzi ndiye huyohuyo anayesaini hundi na kutafuta gari lililoharibika. Dawa yake ni kusoma katiba ya chama kabla ya kulipa. Kila mwanachama ana kura 1, au kura zinakwenda kwa mauzo? Ada ni sawa kwa wote au inapanda na ukubwa? Kuna viti vya wadogo kwenye bodi? Kwetu ada hufuata mauzo ila kura ni 1 kwa kila mtu. Hilo lilipiganiwa na wadogo waliokuwepo kabla yangu.

Na niongeze jambo ambalo wanachama wapya hulikosea: chama hakikuoshi. Mwaka 2022 kampuni 3 kubwa kabisa za usambazaji wa dawa Marekani zilikubali kulipa hadi dola bilioni 21 kwa miaka 18 kumaliza madai kuhusu dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Hazikukiri kosa, lakini dai lenyewe lilikuwa kwamba oda zilizotia shaka ziliachwa zipite. Kampuni hizo hazikukosa chama. Wauza dawa wa jumla wa Marekani wana chama tangu 1876, ndicho leo kinaitwa Healthcare Distribution Alliance. Jukumu la kuuliza kwa nini duka la watu wachache linaagiza vidonge kama hospitali kubwa linabaki kwa aliyeshika ufunguo wa ghala.

---

Dereva wa Baridi

Habari zenu wakubwa zangu. Mimi si mwenye ghala, naendesha gari la baridi. Nimesoma uzi wote nikaona niseme la kwetu chini.

Miaka ya nyuma tulikuwa tunapakia insulini na chanjo kwenye maboksi, tunajaza vifuko vya barafu vilivyotoka kwenye friza saa hiyohiyo, vigumu kama jiwe. Tuliona baridi zaidi ndiyo usalama zaidi. Hakuna aliyetuambia vingine. Tukaitwa kwenye mafunzo ya chama, siku 2, madereva tu na wapakiaji. Mwalimu akatuambia kipimo ni nyuzi 2 hadi 8, na kwamba kushuka chini ya sifuri ni kubaya vilevile kama kupanda juu. Insulini ikiganda imekwisha hata ukiiyeyusha. Chanjo zenye chumvi za aluminiamu ndani yake zikiganda zinaharibika, na kwa macho unaweza usijue. Akatufundisha kutoa vifuko nje kwanza, kusubiri mpaka ukikitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo upakie. Na pawe na kizuizi kati ya barafu na dawa.

Niliumia sana siku ile. Nilikuwa nafikiria maboksi yote niliyowahi kupeleka kabla ya hapo.

Tangu pale kila boksi lina kirekodi joto, na nikifika mpokeaji anasoma mbele yangu kabla ya kusaini. Zamani mzigo ukiharibika lawama ni ya dereva. Sasa kirekodi kinaonyesha ni saa ngapi joto lilipanda, kama ni njiani au boksi lilikaa pa kushushia mizigo kwa mpokeaji likisubiri mtu wa kusaini. Kwa sisi hiyo ni heshima kubwa.

---

Mwenye Ghala

Kaka, asante. Umesema nilichoshindwa kukisema vizuri. Mafunzo ya namna hii ghala langu peke yake lisingeyaweza: kumleta mtaalamu wa mnyororo baridi kwa madereva 5 ni gharama, kumleta kwa madereva 70 wa maghala 15 inawezekana.

Hapohapo kwenye joto, kuna ramani ya joto ya ghala. Wengi tunatundika kipimajoto kimoja ukutani karibu na mlango wa ofisi, tunaandika namba asubuhi na jioni, tumemaliza. Zoezi lenyewe ni kutawanya virekodi kila kona, juu ya rafu, chini, karibu na mlango, karibu na kipoozeo, kwa siku kadhaa, msimu wa joto na msimu wa baridi, ndipo ujue mahali pabaya kabisa ni wapi. Vipimajoto vya kudumu vikae hapo. Mimi niligundua rafu yangu ya juu kabisa upande wa bati ilikuwa inavuka nyuzi 30 kila mchana. Dawa za maji za watoto zilikuwa zinakaa kule kwa sababu ni nyepesi kupandisha. Vile vifaa niliazima chama. Wanavyo seti 2, wanachama wanapokezana.

---

Mhasibu

Naomba tuongee fedha kidogo. Bosi wangu anataka kujua kama kuna punguzo la bima, usafiri, mikopo. Na wateja wasiolipa, je, chama kinasaidia?

---

Mwenye Ghala

Punguzo lipo, bima ya mizigo hasa, lakini ukipiga hesabu halirudishi ada yote. Mwambie bosi asijiunge kwa ajili ya hilo.

Madeni ni hadithi nyingine. Msambazaji amebanwa katikati: kiwanda kinataka fedha yake baada ya siku 60, hospitali inalipa ikijisikia. Ukimdai mteja mkubwa ukiwa peke yako anakuhamisha, anaenda kwa mwenzako. Chama kinaweza kulipeleka jambo kama suala la sera. Umoja wa Ulaya una maelekezo ya 2011 kuhusu ucheleweshaji wa malipo: taasisi za umma zilipe ndani ya siku 30, na nchi zinaruhusiwa kuzipa taasisi za umma za afya hadi siku 60, zaidi ya hapo riba inaanza kuhesabiwa. Kanuni kama hiyo hailetwi na barua ya mtu mmoja aliyekasirika. Huletwa na takwimu za sekta nzima, zilizokusanywa na mtu wa tatu na kujumlishwa pamoja ili mwanachama asijue deni la mwenzake.

Angalia mpaka lakini. Kukusanya takwimu za jumla ni sawa. Kukaa na kukubaliana "fulani tusimuuzie kwa mkopo wote" ni kususia kwa pamoja, na hapo mmerudi kwenye lile kosa tulilolizungumza na ndugu hapo juu. Kila ghala liamue lenyewe nani linamkopesha.

---

Msomaji Makini

Umenijibu kwa haki. Nimebaki na moja. Chama cha kwetu kipo ila kimelala. Mkutano mkuu mara 1 kwa mwaka, fulana, chakula, kwaheri. Nilipe ada ya nini?

---

Mwenye Ghala

Kabla hujalipa waombe vitu 3: muhtasari wa vikao vya kamati vya mwaka uliopita, nakala ya maoni yoyote waliyopeleka mamlaka kwenye rasimu yoyote, na tangazo la mwisho la kuondoa dawa sokoni walilowatumia wanachama, pamoja na saa lilipotumwa. Wakikupa hivyo, jiunge. Wakikosa vyote, basi ama subiri, ama ingia ukiwa umejiandaa kufanya kazi. Kwa wiki chache za mwanzo usitafute uongozi, ingia kamati ya ubora au ya kanuni. Ni kamati zisizo na picha kwenye magazeti, watu wanazikwepa, na ndiko rasimu zinakosomwa mstari kwa mstari. Mimi nilikaa miezi 9 kwenye kamati ya kanuni nikiwa sielewi nusu ya yanayosemwa. Siku niliyofungua mdomo ilikuwa kwenye rasimu iliyomtaka kila msambazaji ateketeze dawa zilizoisha muda ndani ya siku 14. Nikauliza: tanuri lenye kibali likiwa na foleni ya mwezi mzima, hizo dawa nitazipeleka wapi, na nani atakuwa na kosa? Ilibadilishwa ikawa muda unahesabiwa kuanzia siku tanuri linapokupa nafasi, mradi mzigo uko kwenye karantini iliyofungwa na umeorodheshwa. Sentensi moja tu, na maghala yote yanaitumia.

Na tuma watu sahihi. Kama ada imelipwa na anayehudhuria ni mkurugenzi pekee, umetumia robo ya ulicholipia. Mfamasia msimamizi aende kamati ya ubora, mkuu wa ghala aende kwenye mafunzo ya kupokea mizigo, madereva waende na wenzao.

---

Mfamasia wa Zamu

Hapo mwisho naunga mkono kabisa. Mimi nina miaka 3 hapa na sijawahi kuona barua pepe hata moja ya chama, ingawa najua tunalipa.

---

Mwenye Ghala

Dada, hilo lirekebishe kesho asubuhi. Mwombe bosi wako awaandikie sekretarieti, waongeze anuani yako na ya mkuu wa ghala. Kwetu zilikuwa zinakuja kwangu peke yangu. Nikasafiri, simu ikaharibika, tangazo la toleo moja la dawa ya shinikizo la damu likakaa siku 2 halijafunguliwa. Katoni 11 za toleo hilo zilikuwa rafu ya tatu, na 4 kati yake zilikwisha kupangwa kwenye gari la siku iliyofuata. Aliyeziona ni mkuu wa ghala, kwa sababu mwenzake wa ghala jingine, waliyejuana kwenye mafunzo, alimpigia saa 12 asubuhi kumuuliza kama na sisi tumeshazitenga.